Vichubuko vya Mhandisi Octavian

Jumamosi saa mbili asubuhi, Mhandisi Octavian alitandika gunia jipya mbele ya gari lake, uani kwake Cheyo, akapanga juu yake vifaa vya kazi: kichupa cha rangi nyeusi, nusu lita ya thina, msasa laini wa kuloweka majini, pamba, kitambaa kisichotoa nyuzi, na brashi ndogo ambayo mpaka jana yake ilikuwa ya mkewe, Getruda, ya kupakia rangi ya kucha. Getruda hakuwa ameombwa. Octavian hakuwa mtu wa kuomba vitu vilivyomo ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Gari lilikuwa jeusi, refu, la kung'aa, na boneti yake ilikuwa pana kama meza ya bwaloni. Juu ya boneti hiyo mawe yalikuwa yamedonoa rangi mahali kumi na saba. Vichubuko vingine vilikuwa vidogo kama punje ya mtama, vingine kama punje ya hindi, na kimoja, katikati kabisa, kilitosha kuzibwa kwa kidole gumba.

Mafundi rangi wamejaa Tabora, lakini Octavian aliwadharau wote. Mmoja alipuliza rangi huku anavuta sigara. Mwingine alikuwa na mkono mzuri lakini hakumaliza darasa la saba, na Octavian hakuona ni vipi mtu wa namna hiyo ataliinamia gari la mhandisi. Aliwadharau pia majirani waliofunika vichubuko kwa dawa ya viatu, na akawadharau zaidi wale walioviacha vipate kutu. Kazi hii, aliamini, ni ya mtu mwenye akili, na hufanywa nyumbani kwa utaratibu. Unaosha. Unakausha. Unafuta mafuta yote. Unasugua ukingo wa kidonda kwa msasa bila kugusa rangi nzima. Unapaka praima, ile rangi ya chini, unasubiri. Kisha rangi, tone kwa tone, wala si kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate.

Mawe hayo aliyapata Alhamisi, kwenye makabidhiano ya barabara ya Itundulwa. Kwenye karatasi, barabara hiyo ilikuwa ya lami, kilomita kumi na moja kutoka kijijini mpaka barabara kuu, yenye mifereji pande zote mbili na mstari mweupe katikati. Ardhini ilikuwa ileile iliyokanyagwa na wapagazi wa misafara enzi za pembe za ndovu: vumbi, changarawe na makorongo. Mkandarasi alikuwa ameleta greda siku moja, ikaparura mahali fulani kama kuku anayetafuta funza, ikaondoka. Octavian aliikagua barabara yote bila kushuka garini, kisha akatia sahihi juu ya boneti, kwa kuwa kijiji hakikuwa na meza isiyoyumba.

Hapo ndipo mama mmoja aliposimama. Aliitwa Imakulata, mkulima wa karanga, mtu mzima mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Asubuhi hiyo alikuwa amemsalimia mhandisi "Mwangaluka," naye Octavian, aliyezaliwa na kulelewa kwa Kinyamwezi hichohicho, akamjibu, "Habari."

"Mhandisi," alisema Imakulata, "lami iko wapi?"

"Iko chini," Octavian alijibu. "Vumbi likiisha mtaiona."

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ambrosi, akapiga makofi, na wengine wakafuata. Octavian aliyadharau makofi kuliko swali. Swali angalau lilikuwa na uti wa mgongo. Wakati wa kurudi barabara ilimrushia mawe njia nzima, ingawa hakukuwa na gari lingine mbele yake.

Sasa, Jumamosi, aliosha boneti, akaikausha, akavaa miwani ya kusomea na kuinamia kichubuko cha kwanza. Alitegemea kuona bati. Hakukuwa na bati. Kulikuwa na barabara ya Itundulwa.

Ilikuwa imelala mle ndani, mbali kidogo, kama kitu unachokiona chini ya kisima, na jua lake na vumbi lake. Octavian aliguna. Praima haishiki kwenye vumbi, kila mtu anajua. Akahamia kichubuko cha pili, akaona kona ya shule. Cha tatu kilikuwa na korongo ambamo lori la mpunga lilizama tangu masika, na dereva wake alikuwa amelala kwenye usukani. Katika kichubuko kilicho karibu na taa ya kushoto walipita wapagazi wapatao arobaini, mabegani wamebeba pembe, wanaelekea pwani. Ilionekana hakuna aliyewaambia kwamba kazi ile iliisha. Wa mbele alisimama, akatoa jiwe katikati ya vidole vya mguu, akalitupa pembeni, akaendelea.

"Hawana hata haraka," alisema Octavian kwa dharau, akafunika thina ili isiruke hewani, akapanda bodaboda kwenda Gongoni.

Duka la vipuri na rangi la Mzee Thabit lilikuwa la baba yake, na kabla ya hapo la babu yake, aliyeuza shanga na nguo kwa wapita njia. Mzee Thabit alikuwa amekaa nyuma ya kaunta na tasbihi yake.

"Shikamoo, Mzee Thabit."

"Marahaba, mhandisi. Gari limekutenda nini?"

"Vichubuko. Chini yake pana barabara badala ya bati. Nataka praima ya kushika vumbi."

Mzee Thabit alinyanyuka taratibu, akaanza kupekua rafu. "Ni barabara tu? Kuna bwana mmoja alinijia mwaka juzi, gari lake lilitoa daraja."

"Daraja zima?"

"Nusu. Ndivyo lilivyojengwa." Akaweka kikopo juu ya kaunta, akakipangusa kwa mkono. "Hii inashika. Ila sikiliza, mwanangu. Rangi unayoidondosha huku inaanguka kule. Angalia ndani kwanza. Ukiona watu wanapita, ngoja wapite."

"Nitangoja mpaka lini? Wale watu hawaishi kupita."

"Mimi nauza rangi tu," alisema Mzee Thabit, akarudi kwenye tasbihi yake.

Octavian aliondoka akimdharau. Mtu ameuza rangi miaka arobaini na bado anaiogopa, alijisemea.

Aliporudi, alimkuta Getruda amesimama mbele ya gari na sinia la chai, amekiinamia kichubuko kikubwa cha katikati.

"Huyu si yule mama aliyekuuliza lami?" aliuliza Getruda. Alikuwa amesimuliwa kisa hicho mara tatu, kama kichekesho.

Octavian akaangalia. Ndiye. Imakulata alikuwa anasukuma baiskeli, mwili wote ameuelemeza mbele. Kwenye kiti cha nyuma alikaa binti yake, Martha, miguu yote upande mmoja, tumbo limemfikia magotini, mikono miwili imeng'ang'ania chuma. Baiskeli ilipogonga jiwe, Martha alifumba macho. Mawe yalikuwa mengi.

"Anampeleka kujifungua," alisema Getruda. "Zahanati iko wapi?"

"Barabara kuu."

"Ni mbali?"

"Kilomita kumi na moja," alisema Octavian, ambaye aliijua namba hiyo kuliko tarehe za kuzaliwa za watoto wake.

"Basi ngoja wapite, baba watoto."

Octavian alikaa kwenye kigoda, akanywa chai. Jumatatu mkaguzi alikuwa anakuja kutoka makao makuu, na angepanda gari hili hili kwenda Itundulwa. Rangi huhitaji siku nzima kukauka, na nusu siku nyingine kabla ya polishi. Alianza na vile vichubuko vidogo. Vumbi, praima, tone. Kona ya shule ikazibika. Lori la mpunga likazibika na dereva wake, ambaye hakuamka. Wapagazi walikuwa wameshapita, akaziba nyayo zao. Kufika saa nne na nusu kilibaki kile kikubwa peke yake.

Akatazama. Baiskeli ilikuwa imelazwa kando. Martha amechuchumaa katikati ya barabara, mkono mmoja umeshika ardhi, na Imakulata yuko nyuma yake amemkumbatia mabega. Octavian alisubiri kiasi cha kumaliza nusu kikombe cha chai. Hawakusogea. Hiyo ndiyo tabia yao, alifikiri; uwape barabara, wataikalia. Imakulata akainua uso, akatazama juu kabisa, akanyoosha mkono hewani akaupunga.

Octavian alichovya brashi, akaigusisha kwenye mdomo wa kichupa ili isibebe rangi nyingi, akadondosha.

Lilikuwa tone zuri. Lilienea lenyewe mpaka ukingoni, likatulia, likawa sawa na rangi ya zamani. Getruda alikuwa ameshaingia ndani.

Saa tisa alasiri mtu alibisha hodi getini. Getruda alifungua, akamkuta Imakulata, mweusi tititi wa kung'aa kuanzia kifuani kwenda chini. Rangi ilikuwa imekauka, na kanga yake ilikwaruzana kama bati kila alipopiga hatua. Madereva wa bodaboda wawili walikuwa wamekataa kumpakia wakihofia viti vyao, wa tatu akamtandikia gazeti.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Mhandisi yupo?"

Octavian alitoka barazani na soksi. Hakumkaribisha kiti, kwa kuwa viti vilikuwa vya kitambaa.

"Mhandisi, nimekuja kuomba thina," alisema Imakulata.

"Thina ya nini?"

"Martha yuko barabarani. Amenasa mpaka kiunoni, na uchungu umemshika tangu alfajiri. Tumejaribu kwa maji, tumejaribu kwa majembe. Mimi nimejing'oa kwa sababu nilikuwa nimesimama. Yeye alikuwa amechuchumaa."

"Pole."

"Nimeshapoa. Thina unayo?"

"Angalia, mama," alisema Octavian kwa ile sauti aliyoitumia mikutanoni. "Barabara ikiwa kwenye matengenezo haipitwi. Hilo mlielezwa."

"Ulituona."

"Niliona watu. Barabara ni ya watu."

"Nilikupungia mkono."

"Nilidhani unasalimia."

Imakulata alimwangalia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa mtu anayepima karanga za jirani na kuzikuta zina mchanga, kama alivyotarajia. Octavian, ambaye alizoea kuangalia watu hivyo na si kuangaliwa, alihisi shingo inamwasha. Akashuka uani. Juu ya gunia kulikuwa na chupa ya thina safi, imebaki zaidi ya nusu, na kando yake kopo la thina chafu aliyosafishia brashi. Thina safi aliihitaji Jumapili kwa kumalizia kingo. Akachukua kopo.

"Inafanya kazi ileile," alisema.

Imakulata alilipokea kwa mikono miwili, kwa mazoea tu. Alipofika getini, Getruda alimfuata na lita moja ya mafuta ya taa, akamtia mkononi, kisha akaenda jikoni kuchambua mchele. Mchele haukuwa na mawe, lakini aliuchambua mara mbili, na siku hiyo nzima alijiona ametenda jambo.

Mtoto wa Martha alizaliwa Jumamosi hiyo jua likitua, palepale kwenye tone, kina mama wakimmwagia Martha mafuta ya taa kiunoni na kumkwangua kwa visu vya jikoni. Alikuwa wa kike. Alihitaji kupelekwa zahanati upesi, na wa kumpeleka walikuwepo, lakini mkunga hakuthubutu kumtenganisha na mama yake aliyekuwa bado amenasa magotini. Martha alitoka alfajiri. Mtoto alipumua mpaka Jumapili, wakati watu wa Itundulwa wanaimba misa. Alikuwa bado hajapewa jina.

Jumatatu Octavian alimchukua mkaguzi hotelini. Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye usingizi, na alilisifia gari kabla hajalipanda. Alipitisha kiganja juu ya boneti nzima na hakuhisi kitu.

"Fundi wako nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Ningekuwa na wahandisi kumi kama wewe," alisema mkaguzi.

Walipoiacha barabara kuu gari lilianza kuruka, na mkaguzi akashika dari. Kisha ghafla gari likatulia na kuteleza bila sauti, kama liko juu ya kioo. Mbele yao kulikuwa na doa jeusi pana kama uwanja wa kuanikia mpunga, laini, linameremeta. Likaisha, gari likaruka tena. Mbele zaidi doa jingine. Katika mojawapo lilikuwepo lori la mpunga, lote jeusi mpaka vioo, na dereva wake alikuwa ametoboa tundu kwenye kioo cha mbele, akawasalimia.

"Hii ni lami ya aina gani?" aliuliza mkaguzi.

"Ya kisasa."

"Inang'aa."

"Ndiyo maana haishiki vumbi."

"Mbona iko mahali mahali?"

"Tunaanza na sehemu korofi," alisema Octavian, na alishangaa kidogo jinsi maneno yalivyomjia mepesi.

Mkaguzi akaandika. Alikuwa ameona barabara nyingi maishani, na hii ilikuwa ya kwanza ambayo alijiona usoni ndani yake.

Kwenye doa kubwa kuliko yote walikuta watu. Walikuwa wanatoka makaburini, wapatao ishirini, na Mzee Ambrosi mbele yao. Martha alikuwa amekaa ukingoni, amefunikwa kanga, miguu yake miwili ingali myeusi na inang'aa kuanzia magotini hadi nyayoni. Imakulata alikuwa amesimama nyuma yake.

"Hawa nao?" aliuliza mkaguzi.

"Wananchi," alisema Octavian. "Wamekuja kuiona barabara."

"Basi tupige nao picha."

Mzee Ambrosi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alivua kofia, akaivaa tena, akaanza kuwapanga watu. Waliotoka kuchimba kaburi aliwasogeza nyuma kwa sababu ya udongo. Kina mama aliwaweka mstari wa mbele, kwa kuwa walikuwa wamevaa vizuri. Walisimama walipowekwa. Mtu mmoja alicheka, kwa aibu ya kamera. Imakulata hakutoka mahali pake, kwa hiyo picha ilipigwa kwa kumkwepa.

Kisha Mzee Ambrosi akamsogelea mhandisi, akamvuta pembeni kwa heshima.

"Mhandisi, wananchi wamenituma. Wanashukuru."

"Wanashukuru nini?"

"Hizi sehemu. Baiskeli zinateleza, vumbi halipo. Wanaomba kama utaweza kuendelea. Ila sasa, siku nyingine, tujulishe saa."

Octavian alimtazama mzee yule aliyeinamisha kichwa, akawatazama watu waliokuwa bado wamesimama kwenye mistari ingawa picha ilikuwa imekwisha. Macho yake yakaangukia miguu ya Martha. Akapangusa vumbi la viatu, akapanda garini, akapandisha vioo.

Wakati wa kurudi barabara ilimrushia mawe kama kawaida yake. Alipofika Cheyo alihesabu vichubuko ishirini na vitatu.

Barua ya pongezi ilikuja baada ya wiki tatu, na pamoja nayo barabara nyingine ya kusimamia, ndefu zaidi. Ya Itundulwa iliandikwa imekamilika, na kweli hakuna aliyekwenda tena kuiangalia isipokuwa Octavian mwenyewe, mara moja kwa mwezi, kwa ukaguzi. Kila akienda gari linachubuka, na Jumamosi inayofuata anatandika gunia. Getruda alinunua brashi nyingine ya kucha, kisha naye akaacha kupaka kucha.

Watu wa Itundulwa wamezoea. Siku ya Ijumaa Mzee Ambrosi humtumia mhandisi ujumbe wa simu, unaoanza na shikamoo ingawa yeye ndiye mkubwa, kuuliza kesho kazi itaanza saa ngapi. Octavian humjibu kwa namba tu: 4. Basi saa nne hiyo barabara huwa tupu. Mifugo hufungwa, wasindikizaji wa harusi hungoja kijijini na ngoma zao, na nesi wa zahanati amewaambia wajawazito wajitahidi uchungu usiwapate Jumamosi. Wengine wameweza. Matone huanguka, watu hutazama kutoka milangoni yanavyoenea na kutulia, na ikifika jioni watoto huenda kuyatelezea. Yakipigwa jua kiangazi chote hupasuka na kubanduka vipande vipande, na chini yake ni changarawe.

Imakulata peke yake hupita. Saa nne kasoro dakika chache hutoka nyumbani, kichwani hana mzigo, mkononi ana kisu na chupa ya mafuta ya taa, akaenda kusimama katikati ya barabara pale alipokuwa amechuchumaa Martha. Halafu huinua uso. Hapungi tena mkono.

Octavian humwona kila mara, kwa kuwa kichubuko cha katikati hakikosi. Mwanzoni alikuwa akikiacha mpaka mwisho, na matone yakawa yanamharibikia kwenye vingine vyote. Siku hizi huanza nacho. Huchovya brashi, huigusisha kwenye mdomo wa kichupa, humdondoshea, na baada ya hapo kazi iliyobaki huwa nyepesi.